Waya wa Eriali

Kila asubuhi ya likizo, kabla abiria hawajafika, Samsam alifuta vioo vya gari la baba yake, akakung'uta mazulia, kisha akajaza maji dumu la rejeta. Baba yake, Deeq, alibeba abiria kati ya Kakuma na Lodwar kwa Probox kuukuu. Redio ya gari ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani, ya zamani, isiyo na tundu la waya wala la flashi. Matuta ya barabarani yalikuwa yameilegeza kiasi kwamba ukiivuta inatoka kama droo.

Deeq hakutaka mtu aiguse redio hiyo. "Hii ndiyo macho yangu," alizoea kusema. Saa nne ya kila asubuhi stesheni ya kwao ilitangaza hali ya malagga, yaani ile mito ya mchanga inayokaa mikavu miezi na miezi. Mvua ikinyesha milimani huko mbali, maji hushuka kwa ghafla huku jua likiwaka, na watu wa chini hawajaona hata wingu.

Basi Samsam alikuwa na MP3 ndogo, zawadi ya mjomba wake. Aliiunganisha na redio kwa modyuleta, kidude kinachochomekwa kwenye kiwashio cha sigara na kurusha muziki hadi redioni. Lakini muziki ulikwaruza, kwa kuwa stesheni iliuingilia. Siku moja Deeq alimwambia mbele ya abiria, "Zima hiyo kitu, inakaanga masikio." Abiria walicheka. Samsam aliona haya, maana alikuwa na mikono ya kifundi kwelikweli, na fundi hapendi kuchekwa.

Asubuhi iliyofuata, Deeq alipokuwa akinywa chai, Samsam aliivuta redio, akachomoa waya wa eriali nyuma yake, akairudisha mahali pake. Bila eriali redio haikunasa stesheni ya mbali. Ilinasa modyuleta tu, iliyokuwa karibu. Muziki ukatoka safi kabisa.

"Umefanya nini leo?" Deeq aliuliza walipoanza safari.

"Nimebadilisha masafa ya modyuleta tu, Aabo," Samsam alijibu, akimwita baba yake kwa Kisomali.

Deeq aliwageukia abiria wake wawili: Mama Immaculée, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akipeleka mtoto kliniki Lodwar, na mzee Lomenen, aliyekuwa akirudi kwake. "Mnasikia? Huyu ndiye fundi wangu," alisema. Sifa hiyo ilimwingia Samsam vizuri sana, na ndiyo iliyomfunga mdomo baadaye.

Ilipokaribia saa nne waliacha lami ili kumfikisha mzee Lomenen nyumbani, ng'ambo ya lagga. Deeq alisimama ukingoni kama desturi yake, akazima modyuleta, akatafuta stesheni. Redio ilichemka tu kama mafuta kikaangoni.

"Stesheni imelala," alisema. "Dizeli ya jenereta imewaishia tena."

Mzee Lomenen alitazama chini. Mchanga ulikuwa mkavu. Wanawake na wasichana walikuwa ndani ya visima walivyochimba hapo laggani, wakichota maji kwa vibuyu. "Mimi naogopa lagga ikinyamaza," alisema. "Ngoja kidogo."

Deeq alimtazama binti yake. "Samsam, redio iko sawa?"

Hapo ndipo pa kusema. Samsam aliwatazama abiria, akakumbuka kile kicheko cha jana, akakumbuka na sifa ya leo. "Iko sawa," alijibu. Uongo ulikuwa umeshatoka.

Deeq aliamini kwamba stesheni ndiyo iliyolala, na kwa kuwa mchanga ulikuwa mkavu akaliingiza gari laggani. Katikati, magurudumu ya nyuma yakazama. Wote walishuka wakasukuma, halikutoka. Msichana mmoja wa rika la Samsam alipanda kutoka kisimani akaja na karai. Alijitambulisha kwa jina la Abei, akapiga magoti na kuondoa mchanga kwenye gurudumu bila kuombwa. Alipochoka, aliwaachia karai lake, akarudi kisimani kumalizia dumu lake.

Samsam aliposhika karai lile, alishindwa kuvumilia. Robo saa nzima ilikuwa imepita.

"Aabo, stesheni haijalala. Mimi nilichomoa eriali."

Deeq hakumgombeza. Aliruka ndani ya gari, akaivuta redio na kuurudisha waya. Sauti ya mtangazaji ikajaa garini: "Narudia. Maji makubwa yanashuka tangu saa tatu. Walio laggani watoke sasa hivi."

"Tokeni!" Deeq alipiga kelele, akakimbilia visimani. Mama Immaculée alimkumbatia mtoto wake akakimbilia ukingoni. Samsam alimshika mzee Lomenen mkono akamvuta hadi ukingoni. Ndipo waliposikia mngurumo. Maji yalikuja ya rangi ya udongo, yamebeba magogo na mbuzi waliokufa. Yalilibeba gari likiwa na redio yake na MP3 ndani yake.

Wanawake wote walitoka. Abei, ambaye kisima chake kilikuwa kirefu kuliko vyote, alikuwa wa mwisho. Deeq alimkamata mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulibanwa na gogo. Walimtoa akiwa hai, lakini huko hospitalini Lodwar madaktari walilazimika kuukata mkono huo chini ya kiwiko.

Siku ya tatu Deeq alimpeleka Samsam wodini. Samsam alisimama kando ya kitanda, akasema yote.

"Kumbe redio ilisema?" Abei aliuliza.

"Ilisema. Mimi ndiye niliyeinyamazisha."

Abei aligeukia ukutani.

Nje, Samsam alilia. "Hajanisamehe, Aabo."

"Halazimiki," Deeq alisema. Alikaa naye kivulini. "Mimi pia nimepoteza gari, na nina hasira, sikufichi. Lakini sikiliza. Kukosea si ajabu, fundi yeyote anakosea. Ubaya ni kuulizwa ukasema iko sawa. Kweli yako iliokoa watu wengi pale laggani. Ingekuja robo saa mapema, ingeokoa na mkono wa yule mtoto. Ukijua jambo ambalo linaweza kuumiza mtu, liseme hapo hapo, hata kama utachekwa. Kicheko kinapita."

Deeq alipewa na binamu yake gari lingine aendeshe. Siku hizi, saa nne ikifika, Samsam ndiye anayehakikisha kwamba redio inanasa, na hakuna anayevuka kabla Samsam mwenyewe hajasema kwamba ameisikia hali ya lagga.

Kila wiki aliendelea kumtembelea Abei. Mara ya pili hawakuongea. Mara ya tatu Abei aliuliza shule ya Kakuma ikoje. Mara ya nne alimkuta ameketi kitandani na penseli katika mkono wa kushoto, akijaribu kuandika jina lake. Kila alipoandika, daftari liliteleza.

Abei alimtazama kwa muda mrefu. "Njoo," alisema mwishowe. "Nishikie daftari."

Samsam akalishika kwa mikono yake miwili.