Niliandika "Alizaliwa Amekufa"

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na moja, mkunga mstaafu, naishi peke yangu Nyakabanda. Msinionee huruma mpaka mmalize kusoma...

Mwaka 1992 nilifanya kazi katika zahanati moja hapa Kigali. Wakunga tulikuwa wachache, akina mama wengi, basi tukawa na mtindo wetu. Asubuhi tunavuta dawa mapema kwenye mabomba ya sindano na kuyapanga kwenye sinia. Kushoto, dawa ya kutuliza uchungu. Kulia, dawa ya kukaza kizazi, ambayo mama huchomwa mtoto akishatoka ili asivuje damu. Zote zinafanana na maji, hazina lebo. Kushoto na kulia, basi!

Siku moja akaja mama kutoka Gahanga, nje ya mji, mkulima, mimba ya kwanza. Nikamchoma ya kushoto. Kumbe aliyefuta meza alikuwa amegeuza sinia! Kizazi kikakaza, hakikulegea tena, mtoto akakosa hewa humohumo tumboni. Alitoka amekufa... wa kiume, nywele tele.

Nikamwendea mkuu wetu wa wodi, nikamwambia nataka kuandika ripoti. Akafunga mlango.

"Binti yangu, andika alizaliwa amekufa," akaniambia. "Ukiandika sindano, wataanza na wewe, halafu mimi."

Na nani hakujua? Kwetu aliyekiri kosa aliletewa barua ya kujieleza, na baada ya barua ile ni kufungasha tu. Hakuna aliyeulizwa sinia linapangwaje. Waliuliza: ni nani? Basi nikaandika kwenye rejista nilivyoambiwa. Yule mama akaenda zake akiamini ni mzigo alioubeba shambani, maana ndivyo mama mkwe wake alivyomsuta mbele yangu. Nami nikamwacha aamini hivyo!

Sinia likaendelea kupangwa vilevile.

Miezi minne baadaye akaja Donata, mdogo wangu wa pekee, tumbo moja. Mimi ndiye niliyemshawishi aje kujifungulia kwetu, nikajigamba kuwa atakuwa mikononi mwangu. Nikiwa nazalisha mama mwingine chumba cha pili, Speciosa, mkunga mpya, akamchoma ya kushoto... Sinia lilikuwa limegeuzwa tena.

Kizazi kilipasuka. Donata alikufa na mwanawe kabla ya saa sita mchana.

Ole wangu mimi! Speciosa alichoma sindano, lakini aliyemuua ndugu yangu ni nani?

Binti yule hakujificha. Aliandika ripoti kwa mkono wake, sinia na yote, kisha akanijia analia.

"Dada, hii iliwahi kutokea?"

"Hapana," nikamjibu. "Haijawahi."

Mtaniuliza kwa nini. Woga, ndugu zangu, woga tu! Wakubwa walipoita kikao nikarudia hilohilo, wakafungua rejista, wakakuta mwandiko wangu: alizaliwa amekufa, sindano haikutajwa. Speciosa akafukuzwa kwa uzembe. Shemeji yangu, mume wa Donata, akanishika mikono akinishukuru kwa kusimama na marehemu, akaapa hatamsamehe binti yule hadi kaburini.

Nikajiambia nitasema mambo yakitulia. Yalitulia wapi? Yaliyoikuta Kigali mwaka 1994 mnayajua. Shemeji hayupo. Mkuu wa wodi hayupo. Nilikwenda Kanombe kwa akina Speciosa, nikakuta watu wengine wanaishi pale, hata jina lake hawalijui. Na yule mama aliyetoka Gahanga... sikuwahi hata kumuuliza anaitwa nani.

Nimeungama kwa padri, akaniondolea dhambi. Lakini padri si Speciosa.

Wakunga na manesi, wadogo zangu, nawasihi: ukikosea, andika siku ileile, hata ukiogopa, hata wakikufukuza. Kazi utapata nyingine. Nanyi wakubwa, mkiletewa ripoti, msianze na kuuliza ni nani.

Mimi nimechelewa. Wenye haki ya kuusikia ukweli huu hawapo tena, au sijui walipo, ndiyo maana nawaambia nyinyi msionijua.