Chumba cha Sita

Jumanne saa saba mchana, printa ya Felicitas iliandika kwamba Mfaume kajaribu kuingia kwenye kompyuta kutoka chumba namba sita, akakataliwa. Ofisi ile ina vyumba vitano. Kahesabu mwenyewe kama unabisha.

Ilikuwa godauni la dawa pale Chang'ombe, mwaka tisini na sita. Serikali ilishauza, ukuta ukapakwa rangi, zikaletwa kompyuta tano, na bosi Gozbert akawa anatembea kifua mbele kama kazizaa yeye. Sharti lake: kila mtu na chumba chake. Mfaume wa ghalani akigusa mashine ya mapokezi, inamtimua. Felicitas, binti wa Songea aliyesomea hayo madude, alikaa na printa inayotema jina la mtu, chumba alichopo, na neno moja: RUHUSA, HAKUNA au AMEFUTWA. Chumba kipya aliweza kukiongeza akiwa mezani kwake. Kufuta kitu cha chumba, mpaka akakae kwenye mashine ya chumba hichohicho, asije akamfungia mtu kwa siri.

"Mfaume, saa saba ulikuwa wapi?"

"Msikitini, dada'angu. Mbona unanichunga? Najma mwenyewe haniulizagi hivyo, na nimemuoa!"

Wakacheka.

Jumatano, Mfaume yuko mbele yake anakunywa chai, printa ikaanza. MFAUME, CHUMBA 6, HAKUNA. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Alhamisi ikamaliza boksi zima la karatasi, Gozbert akaja juu: "Felicitas, hiyo kelele iishe leo!"

Hapo msomi wetu akafanya akili za kisomi. Akaongeza chumba namba sita kwenye orodha, akamwandikia Mfaume RUHUSA. Printa ikanyamaza papo hapo. Ikabaki harufu ya udi, na ndani yake harufu ya maji yaliyokaa gizani miaka.

Ijumaa mashine ya ghalani ikamkataa Mfaume. Akaona mzaha. Akaenda kusali, aliporudi getini, mlinzi Polikarpo, aliyekula naye ugali sahani moja miaka minne, akamzuia kwa rungu.

"Habari yako, braza. Nikusaidie nini?"

"Acha utani, Poli."

Polikarpo hakuwa anatania.

Jumatatu Mfaume aliingia kwa kuruka ukuta. Kanzu ileile ya Ijumaa, miguu imelowa mpaka magotini, na nje jua linachoma bati. Akainama mezani kwa Felicitas, akanong'ona.

"Dada, wewe unanijua?"

"Nakujua. Nini tena?"

"Najma kanifungia mlango. Anasema hajawahi kuwa na mume. Mwanangu kaniona kakimbia. Kila mahali pananikataa, dada. Isipokuwa pale."

Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa nyuma wa ghala, na Felicitas alipogeuka akasikia, chini ya mlio wa feni na ngurumo ya lori na moyo wake mwenyewe, mtu anabonyeza vitufe polepole, mara tatu, kisha kimya, mara tatu, kisha kimya, kama anayengoja aitikiwe, na ile harufu ya udi ikapanda kutoka sakafuni ikamjaa puani.

Kesho yake saa tano, Mfaume kajificha humohumo ghalani, Felicitas akamleta mganga, Mzee Sadallah wa Mtoni, na chetezo chake. Mzee aligusa ukuta ule, akarudisha mkono haraka.

"Hapa walifukia kisima, binti yangu. Mwenye kisima ana adabu. Atabisha hodi hata mwaka, hajaitikiwa haingii wala hachukui mtu." Akashusha sauti. "Nani kamwambia karibu?"

Felicitas akainua mkono kama yuko darasani.

"Ndiyo maana wewe tu hujamsahau huyu. Aliyekaribisha ndiye afute. Ikiadhiniwa adhuhuri bado hujafuta, kaenda."

Akakimbilia mashine yake. Maandishi ya kijani yakamjibu: CHUMBA 6 HUFUTIWA NDANI YA CHUMBA 6.

"Usiende, dada," Mfaume alisema. Maji yalishamfika kiunoni kwenye kanzu, na sakafu ilikuwa kavu.

"Nikae hapa nikuangalie?"

Felicitas akavua viatu. Mzee akasoma, akafukiza, akasoma, moshi ukaufunika ukuta, na ulipopasuka palikuwa na mlango pasipo mlango, na ndani mwanga wa kijani ukicheza kama juu ya maji, na kiti kimoja kimevutwa nyuma tayari, vile unavyomvutia mgeni uliyemngoja siku nyingi, naye akaingia, akakaa, mashine ikamtaka jina lake kwanza, akaliandika.

Printa ikalia ofisini. Mfaume akakimbia, akachana mstari wa chini, akarudi anaupeperusha: MFAUME, CHUMBA 6, AMEFUTWA. Adhana ikapanda. Felicitas akatoka mbio, ukuta ukajifunga nyuma yake, rangi na vumbi lake. Kanzu ya Mfaume ilikuwa kavu, na kule getini Polikarpo anaita, "We Mfaume! Chai inapoa!"

Mstari wa juu, wenye jina la Felicitas, ulibaki kwenye printa. Hakuna aliyeusoma.

Asubuhi iliyofuata Felicitas akafika kazini na maandazi ya kushangilia. Mfaume alikuwa getini anapiga soga. Akamtazama Felicitas kwa heshima, akasogea kumpisha mgeni.

"Habari yako, sista," Polikarpo akasema. "Nikusaidie nini?"

Felicitas akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vinalowa.