Chakula Kisichopikwa

Asubuhi hiyo Fauzia alifungua maikrowevu apashe maziwa ya mtoto, akakutana na harufu ya samaki wa nazi. Akabaki amesimama na kikombe mkononi. Bahari ilikuwa imechafuka tangu mwanzo wa wiki, na pale Kilwa Kivinje sokoni kulikuwa na dagaa wakavu tu. Samaki hakuwa ameingia nyumba ile. Akachungulia ndani. Kisahani cha kioo kilikuwa safi, kuta safi, hakuna hata tone la mchuzi.

"Mama, kuna mtu kapasha samaki humu?" aliuliza.

Bi Zuwena, mama mkwe wake, alikuwa ameketi uani, mlango wa jikoni ukiwa wazi nyuma yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani. Kiharusi kilikuwa kimeuacha bila nguvu tangu mwaka uliopita, na ndiyo sababu maikrowevu ile ilinunuliwa. Fauzia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mumewe, Nurdin, dereva wa lori, alikuwa njiani siku nyingi kuliko nyumbani. Mama asingeweza kuhangaika na jiko la mkaa kwa mkono mmoja. Chakula kilipikwa jioni, na mchana yeye akabonyeza kitufe tu, akala.

"Samaki gani tena, mwanangu?" Bi Zuwena alijibu bila kugeuka. "Pasha maziwa, mtoto analia."

Harufu ya chakula kwenye maikrowevu si jambo la kumtisha mtu. Jioni Fauzia alikata ndimu, akazitia kwenye bakuli la maji, akawasha mpaka mvuke ukajaa kwenye kioo, akaacha mlango umefungwa kitambo kisha akafuta kila pembe kwa kitambaa. Ikanukia ndimu. Akaridhika.

Kesho yake ilinukia kuku.

Tena si kuku wa mabaki. Alikuwa kuku wa kienyeji aliyechemshwa polepole kwa tangawizi, harufu ya chakula kilichoiva sasa hivi, kinachongoja kupakuliwa. Fauzia akafuta kwa siki. Ikaja harufu ya kunde za nazi. Akachemsha karafuu humo ndani. Ikaja ya pweza. Salome, mwalimu mwenzake aliyeishi nyumba ya pili, akamwambia aweke vipande vya mkaa kwenye bakuli na kuvilaza humo mpaka asubuhi.

"Mkaa unanyonya kila kitu," alisema. "Friji yangu iliwahi kuozewa na nyama, nikaiponya hivyo hivyo."

Fauzia akafanya hivyo, na kwa kuwa hakutaka hatari yoyote, akachomoa waya ukutani. Alipoamka, bakuli lilikuwa limejaa majivu meupe. Mkaa wote ulikuwa umeungua. Akagusa juu ya maikrowevu, akaurudisha mkono haraka. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu mwenye homa.

Hakumwambia mtu. Aliyamwaga majivu nje ya ua, akanawa mikono, akanawa tena, akaenda shule. Darasani aliandika ubaoni, akafuta, akaandika upya, na watoto wakatazamana.

Siku hizo alianza kuona kwamba Bi Zuwena hali chakula. Sahani ya mchana aliikuta kama alivyoiacha. Ya jioni mama aliigusa kwa ncha za vidole na kuisukuma.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umekula nini, mama?"

"Nimeshiba tu. Alhamdulillahi."

Lakini mifupa ya shingo yake ilianza kuonekana, na kanga aliyojifunga jana leo ilizunguka mara nyingine kiunoni. Fauzia aliogopa kwa namna ambayo hakuweza kuieleza. Mama yake mzazi alifia Milola yeye akiwa bado mdogo. Alipoolewa alikuja nyumba hii akitarajia mkwe, akapata mama. Bi Zuwena ndiye aliyemshika mgongo siku mbili za uchungu wa kumzaa Imani, ndiye aliyemwogesha kwa maji ya moto, ndiye aliyemkemea Nurdin alipompandishia sauti. Fauzia hakuwa na mama mwingine wa kumpoteza.

Siku moja shule ilifungwa mapema kwa sababu ya mazishi mtaani, akarudi nyumbani jua likiwa utosini. Uani hakukuwa na mtu. Imani alikuwa amelala kwenye mkeka. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kitu kikizunguka polepole, kioo kikisaga juu ya magurudumu yake madogo, krr, krr, na Fauzia alijua sauti ile kwa sababu alikuwa akiisikia kila siku, ila alijua pia kwamba waya ulikuwa umechomolewa tangu siku ya majivu na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungia juu ya kabati. Akaingia akinyata. Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kigoda, mlango wa maikrowevu uko wazi, uso wake wote umeingia ndani, na kisahani kilikuwa kikizunguka kitupu mbele ya pua yake huku taya zake zikitafuna, zikitafuna na kumeza, koo likipanda na kushuka, na jikoni kote kunanukia karamu ya watu mia.

"Mama!"

Kisahani kikasimama. Bi Zuwena akautoa uso taratibu. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka.

"Usipige kelele," alinong'ona. "Anakula."

"Nani anakula?"

Mzee akaanza kulia bila sauti. Fauzia akamshika, akamkokota karibu kumbeba mpaka chumbani, na huko, kwa maneno ya kukatika, Bi Zuwena akamweleza. Lile jiko la makuti lililokuwa uani, ambalo Nurdin alilibomoa walipojenga jiko la ndani, lilikuwa na mwenyewe, asiyeonekana kwa macho. Bibi yake Nurdin alimkuta pale, na bibi alipozeeka akamwachia mkwewe Zuwena kazi ile. Kila kilipopikwa, upawa wa kwanza, kabla ya chumvi kutiwa, uliwekwa kando ya mafiga. Hakuna aliyekigusa chakula kile. Kikishapoa hakikuwa na harufu tena, ndipo ukajua kwamba kimeliwa.

"Hao chakula chao ni harufu," alisema. "Nilifanya kwa siri miaka yote. Baba yake Nurdin hakujua mpaka anakufa. Ningemwambia nani? Mngesema mzee anaabudu mizimu. Kisha nikaanguka, jiko likavunjwa, na mimi nikanyamaza. Nikadhani ataondoka."

"Na sasa wewe unakula naye?"

"Ananipakulia," alijibu Bi Zuwena, na akageuza uso ukutani.

Nurdin alirudi kesho yake alasiri, vumbi la njia bado kwenye nyusi. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakucheka, lakini alikasirika, kama wanavyokasirika watu waliochoka.

"Chombo nimenunua mwenyewe, kipya, ndani ya boksi. Nakitupa sasa hivi, tuone."

Akaikumbatia maikrowevu na kuinyanyua. Hapo hapo chumbani mama yake akapiga ukelele, na ukelele ulipoisha yakafuata maneno, sauti nene iliyotulia, sauti isiyokuwa na haraka wala kiharusi.

"Mlinivunjia jiko, nikaingia humu. Mkinitoa humu, nitaingia wapi?"

Nurdin aliirudisha maikrowevu mahali pake kama mtu anayelaza mtoto. Jasho lilimtoka mpaka kwenye viwiko. Akachukua funguo bila kuvua viatu, akaenda Kiswere kumleta Bi Kijakazi.

Bi Kijakazi alikuwa fundi wa kupunga pepo, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Alipofika mchana wa siku iliyofuata alipokea shikamoo zao, akaomba maji, akanywa, akazunguka uani. Akasimama penye ardhi nyeusi kuliko kwingine.

"Jiko lilikuwa hapa."

"Ndiyo, bibi," alijibu Nurdin.

"Leteni mawe matatu."

Aliyapanga mafiga, akawasha kuni, akabandika sufuria ya wali wa nazi bila chumvi. Maikrowevu ikatolewa nje, ikawekwa juu ya mkeka, mlango wazi ukiyatazama mafiga. Bi Zuwena akaketishwa kando, Fauzia amemshika kwa nyuma. Salome alimchukua Imani nyumbani kwake. Ubani ukafuka kwenye chetezo, na Bi Kijakazi akasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, akarudia, akarudia tena. Kisha akawageukia.

"Atauliza. Ataomba. Msimjibu hata neno moja. Atakayejibu ni mimi. Mmenielewa?"

Wakaitikia.

Wali ulipoanza kukauka maji, kisahani cha kioo kilianza kuzunguka. Krr, krr. Kichwa cha Bi Zuwena kikainama, kikainuka.

"Nani kapika?" iliuliza ile sauti nene.

"Tumepika sisi," alisema Bi Kijakazi. "Upawa wako huu hapa, na huu ni wa mwisho. Kula, uende zako. Nyumba hii haina mpishi wako tena."

"Nitakula leo. Kesho nitakula nini?"

"Hilo si la nyumba hii."

"Nipeni cha kwenda nacho."

"Hupewi kitu. Kula uondoke."

Papo hapo Fauzia alihisi mgongo wa Bi Zuwena ukiacha kupanda na kushuka kifuani pake, akangoja uvute pumzi, haukuvuta, akamwinamia akaona kucha za mzee zimegeuka rangi ya bluu na midomo imerudi ndani kama ya maiti aliyekwisha kufungwa kidevu, akamtazama Bi Kijakazi ambaye alikuwa amefumba macho anasoma kwa haraka, haraka zaidi, akamtazama Nurdin aliyekuwa amepiga magoti anamwita mama, mama, na mwili ule mikononi mwake ukazidi kuwa mzito na wa baridi katika jua lile la alasiri mpaka akili yake ikakatika.

"Chukua!" alipiga kelele. "Chukua unachotaka kwangu, uniachie mama yangu!"

"Umesema nini wewe?" Bi Kijakazi aliruka, akamziba mdomo kwa kiganja. Alichelewa.

Mvuke wa wali, uliokuwa ukipanda juu, uligeuka na kulala, ukavutwa wote upande walikokaa Fauzia na mama kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano. Kisahani kikapasuka katikati. Bi Zuwena akakohoa, akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho.

"Nina njaa," alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Walilia wote, hata Nurdin. Fauzia akampikia uji wenye chumvi, akaunywa wote na kukwangua bakuli. Lakini Bi Kijakazi hakucheka. Aliwatuma wakamlete Imani, akamkagua macho, ulimi na nyayo. Mtoto alikuwa mzima, anamvuta miwani. Akamkagua Nurdin. Akamkagua Fauzia.

"Umeahidi bila kutaja," alimwambia. "Ungetaja kitu, ningejua pa kukinga." Akamwaga chumvi kwenye kila kizingiti, akaondoka bila kula.

Maikrowevu Nurdin aliiponda kwa nyundo na kwenda kuitupa mbali. Nyumba ikatulia. Bi Zuwena akaanza kunenepa, akaomba samaki, akaomba mihogo, akagombana na Salome kuhusu pilipili. Fauzia alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mtungi.

Hakujua lolote mpaka jioni moja Salome alipoingia mbio kupitia mlango wa uani.

"Fauzia! Kinaungua hicho! Umelala?"

Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama ameipa sufuria mgongo, anachuja tui, na moshi mweusi ulikuwa unapita begani kwake. Hakuwa amesikia harufu yoyote. Akafungua chupa ya siki akaipeleka puani. Hakuna kitu. Akaponda kitunguu, akachoma ubani, akamnyanyua Imani akaweka uso wake kwenye utosi wa mwanawe na kuvuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Aliketi chini akiwa amempakata mtoto. Baadaye alipomweleza Nurdin, alisema, "Kama ni hiki tu alichochukua, basi amechukua kidogo. Mama yuko hai." Na alisema kweli, hakujutia. Akajifunza kupika kwa macho na masikio. Kila mara alimuuliza mumewe, "Kunanukia nini humu?" naye akamjibu: vitunguu, mvua, nguo za mtoto. Ikawa mazungumzo yao.

Siku ya harusi ya jirani, nyumbani hawakupika. Walikula huko, wakarudi kabla ya magharibi. Fauzia akaoga, akabadili nguo, akaja kuketi kitandani karibu na Nurdin aliyekuwa anatazama simu. Nurdin akainua kichwa. Pua yake ikacheza. Akamgeukia mkewe, akamsogelea shingoni kidogo, kisha akasimama.

"Kunanukia nini?" aliuliza Fauzia akitabasamu.

Nurdin akaenda dirishani, akafungua mbao zote mbili, akabaki amempa mgongo.

"Sabuni," alisema.

"Mbona umefungua dirisha?"

Kwenye korido kulisikika nyayo zinazoburuzwa, zikaja taratibu, zikasimama mlangoni. Bi Zuwena alikuwa ameshika ukuta kwa mkono wake mzima, amefumba macho, anavuta pumzi ndefu.

"Mwanangu," alisema, "umepika nini?"