Ariane na Chuma Kilichochoka

Kila asubuhi kabla ya shule, Ariane alimsaidia mama yake kufunga kamba ya mzigo. Maman Joviale alibeba mgongoni magunia ya muhogo yaliyotoka Minova kwa mashua, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, akipanda nayo mlima kutoka bandarini hadi mtaa wa Nyalukemba. Siku moja alianguka na gunia.

"Usiambie papa yako," alisema, akipangusa magoti. "Miye niko mugumu."

Ariane hakumwambia mtu. Tangu hapo hakulala vizuri, na alichoka kuibeba siri ile.

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu yake kueleza somo mbele ya wenzake wa darasa. Alisoma daftari kwa sauti ya kinyonge: "Ndani ya mtambo wa nyuklia, mionzi hugonga aloi za chuma miaka nenda miaka rudi. Atomi hutolewa mahali pake. Chuma huwa kigumu zaidi, kwa hiyo huwa na nguvu zaidi."

"Apo mwisho umekosea, mutoto yangu," alisema mwalimu Lucien. "Kuwa ngumu haiko kuwa na nguvu. Atomi zikivurugika, chuma haiwezi tena kupinda hata kidogo. Inje inaonekana muzima, kisha siku moja inapasuka."

"Basi watu wanajua namna gani, mwalimu?"

"Wanaweka ndani vipande vidogo vya chuma ile ile, kisha wanavitosha inje, wanavipima. Hawangoje ipasuke. Kuna mitambo walizima, wakapasha chuma moto polepole, atomi mingi zikarudia mahali yao."

Ariane alimkumbuka mama yake akisema yuko mgumu. Akalia mbele ya darasa zima. "Maman alianguka, mwalimu. Alinikataza kusema."

Baada ya masomo mwalimu alimsindikiza nyumbani. Papa Gentil alisikiliza yote, lakini maman alikasirika. "Nikilala, tutakula nini?"

Kesho yake papa alimpeleka zahanati, na muuguzi alipompima mgongo aliamuru apumzike majuma matatu. Papa, fundi mwashi aliyekosa kazi, akaenda kubeba magunia mwenyewe. Vijana wa bandarini walimcheka kwa kufanya kazi ya wanawake. Alirudi jioni hoi, shingo imekakamaa, akakaa kando ya mkewe.

"Joviale, sikujua iko nzito hivi," alisema. "Unisamehe."

Maman alimvuta Ariane karibu. "Miye ndiye nilikosa. Nilikufundisha kuficha. Mutu akichoka, aseme. Na mwenye kuona mwenzake anaumia, asinyamaze, hata kama amekatazwa."

Usiku huo Ariane alilala mapema, na kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke, akalala hadi asubuhi.