Pumzi ya Tatu Chini ya Blanketi

Chini ya blanketi walikuwa wawili, lakini pumzi zilikuwa tatu.

Léonie alisikiliza tena. Yake. Ya mumewe Védaste, iliyokwaruza kama msasa juu ya ubao. Na nyingine, ya polepole, isiyo na mwenyewe, ikitoka kwenye beseni la maji ya moto na majani ya mikaratusi.

"Unasikia, Papa Gisubizo?" alimnong'oneza mumewe.

"Nasikia nini? Weye pumua tu, mama."

Védaste alivunja mawe ya volkano tangu ujanani, na vumbi likamwachia kikohozi. Léonie hakuwa mke wa kushika tama. Kila jioni, miaka nenda miaka rudi, alimfukiza kwa kuchemsha maji ya vuguvugu yaliyochuruzika kwenye ufa wa mwamba nyuma ya jiko lao, pale mtaani Murara, ufa uliofunguka mwaka lava ilipoingia mjini. Yalikuwa maji maangavu, ya bure, hayana harufu. Nani angeyashuku?

Kikohozi kilipoanza kuleta damu, daktari akasema ni uvimbe wa saratani kwenye mapafu. Watu wa maombi wakasema ni pepo wa mlimani, wakaagiza madirisha yafungwe asije akaingia. Léonie akafunga, akaziba hata mianya ya mlango kwa vitambaa, na humo gizani, mvuke ukitambaa ukutani, akasikia kile kitu kikivuta pumzi kila mumewe alipoishiwa na yake, kikizunguka beseni, kikipanda kwenye kitenge chake, kikikaa katikati yao kama mtoto wa nyumbani, hakina uso, hakina harufu, na yeye, kwa hofu ya kumpoteza mwanamume wake, akaongeza maji.

Maskini, walikuwa wamemfungia pepo ndani.

Aliyemfichua ni Patricia, binti anayepima maji ya chemchemi mitaani. Alipima maji ya ufa, akapima na hewa ya chumba, kisha akafungua madirisha yote bila kuomba ruhusa.

"Mama, hii mayi munaifanyaka nini?"

"Namufukizaka papa. Kila mangaribi."

Patricia akaketi. Sauti ikamshuka. "Iko na gazi, hewa ya sumu yenye banaitaka radoni. Inatoka mu mawe, inaingia mu mayi. Haionekane, hainuke. Kuikunywa iko mubaya kidogo. Lakini mukiipasha moto mu nyumba ya kufungwa, yote inatoka, munaivuta. Myaka na myaka, inaharibu mapafu."

"Basi ni mimi?"

"Kuko na vumbi pia, mama. Hakuna mutu anaweza kujua."

Léonie hakuhitaji mtu wa kujua. Jini lile alilikaribisha mwenyewe, akalifunika blanketi, akalilisha mumewe kwa mapenzi.

Ufa ukazibwa kwa saruji. Upepo wa ziwa ukapita vyumbani, nyumba ikanyamaza. Jini likatoka nyumbani. Kwenye kifua cha Védaste halikutoka.

Jumapili moja, amebaki mifupa mitupu, Védaste akamshika mkono.

"Mama Gisubizo, bila weye ningekufaka zamani. Ni ule mvuke yako iliniweka muzima. Juu ya nini uliacha? Unifukize hata leo."

Utamwambia nini mtu anayekufa akikushukuru? Léonie akasema majani yamekwisha.

"Basi kesho," Védaste akatabasamu.

"Kesho, papa," akaitikia, na kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa akamwomba Mungu kesho isimkute mumewe.