Ile ya Tatu Ilikuwa na Joto

Jua lilikuwa linazama mama alipoingia kwa fundi kutafuta kompyuta ndogo, ya bintiye kusomea. Tangu amzike Kitinda, mwanawe wa mwisho aliyechukuliwa na pumu, mama huyu alikuwa yupo tu. Akisalimiwa, anaitika. Akipewa chakula, anatafuna. Machozi yenyewe yalishamkimbia.

Fundi akampangia tatu mezani. Muundo mmoja, rangi moja, kioo kilekile.

"Kurwa, Doto na mwenzao," akatania.

Mama hakucheka.

"Hii inakaa na chaji. Hii ina nafasi kubwa. Ile ya tatu... achana nayo, mama."

"Ina nini?"

"Nimeiuza, ikarudi. Nikaiuza tena, ikarudi. Eti ikiwa ndani ya nyumba, watu wanakosa pumzi." Akajichekesha. "Ukitaka kujua kifaa kilichotumika, sikiliza feni yake."

Mama akainama, akatega sikio. Ya kwanza ilivuma. Ya pili ikavuma vilevile. Ya tatu ilikuwa imezimwa, lakini akaiinamia nayo.

Joto likamgusa shavu. Na harufu... dawa ya kifua, ile ya kuchua.

Hhh... hhh... hhh...

Kila pumzi ilimalizika kwa filimbi nyembamba, halafu ikakwama kidogo. Loo! Mama gani asiijue pumzi ya mwanawe? Alilala akiisikiliza miaka sita.

"Hiyo haina hata betri," fundi akanong'ona, akirudi nyuma.

"Nifungie hii."

"Mama, nakusihi..."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alishaiviringisha kwenye mtandio wake, akaipakata kifuani.

Nyumbani, Dada, mwanawe pekee aliyebaki, aliruka kwa furaha. Akaiweka mezani, akaifungua, akaisogelea kioo kikiwa bado cheusi.

"Mama, mbona inanuka dawa?"

Kisha akakohoa. Mtoto ambaye hajawahi kuugua kifua tangu azaliwe! Akakohoa tena, akashika ukingo wa meza.

"Mama... kifua kinabana."

Mama alikuwa akisikiliza kingine. Kila Dada alipokwama, pumzi ya mezani ilikuwa inanyooka. Filimbi ikapungua. Ikaisha.

Hapo ndipo moyo wake uliokufa ganzi ulipostuka. Ilikuwa furaha, jamani. Ikamtisha kuliko ile sauti.

Nyundo ilikuwa nyuma ya mlango. Alijua ilipo, na alijua kazi yake: kuiponda ile kompyuta. Akainuka, akaenda mpaka pale, akaishika mpini.

Nyuma yake, Kitinda alivuta pumzi ndefu, safi, ambayo hakuwahi kuivuta alipokuwa hai.

Mama akaiachia nyundo. Akausukuma mlango, akatia komeo, majirani wasisikie kikohozi.

"Vumilia kidogo, mwanangu," akasema.

Dada, midomo ikianza kubadilika rangi, alimtazama mama yake. Mama hakuwa akimtazama yeye.