Maswali Hamsini ya Mbombo

Rayhana alikula chakula cha mchana akiwa amesimama. Mkono mmoja ulishika mkate, wa pili ulishika simu. Macho yake hayakutoka kwenye simu.

Alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Anderlecht, jijini Brussels. Kila siku aliwaosha wazee, akawavisha na kuwalisha. Aliipenda kazi hiyo, lakini mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Tena mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita.

Komini moja ya karibu ilikuwa imetangaza nafasi sita za kazi. Komini ni ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo watu huandikisha makazi, ndoa na watoto wachanga. Waliotaka nafasi hizo sita walikuwa zaidi ya mia nne. Wote wangefanya mtihani mmoja. Sehemu kubwa ya mtihani ilikuwa maswali ya matukio ya sasa: nini kimetokea nchini, nani anaongoza wapi, sheria gani imebadilika.

Rayhana alikuwa amejaribu mara moja, miaka miwili iliyopita. Alipata saba juu ya ishirini. Safari hii alisoma kila kitu. Alisoma habari za vita, mvua, mpira na bei ya mafuta. Alikuwa ndani ya makundi tisa ya WhatsApp. Jioni alijiuliza asubuhi alisoma nini. Hakukumbuka.

Siku moja aliunguza wali hadi jirani akagonga mlango.

"Rayhana, umekonda," alisema Sultani, mume wake. "Tangu tutoke Bujumbura sijakuona hivi. Utasoma mpaka lini?"

"Habari haziishi, Sultani. Nikimaliza za leo, za kesho zimeshafika."

"Basi acha."

"Niache? Mgongo huu utainua wazee miaka mingapi?"

Sultani aligeukia jiko. Alichukua sufuria akaanza kuikwangua.

Jumamosi iliyofuata, Rayhana alibeba nguo hadi kwenye duka la kufulia kwa mashine. Mle ndani alimkuta Vasanthi, Mhindi aliyekaa ghorofa ya tatu ya jengo lao. Kwa miaka minne walikuwa wamesalimiana tu kwenye ngazi.

Vasanthi alikuwa akizungumza na mtu kwenye simu. Aliuliza swali, akanyamaza. Akauliza swali lile lile tena, akanyamaza. Kisha akacheka na kupiga paja. Ikawa hivyo kwa robo saa.

Alipokata simu, Rayhana alishindwa kujizuia. Alimuuliza kwa Kifaransa, maana hiyo ndiyo lugha waliyoielewa wote wawili.

"Samahani, Madame Vasanthi. Ulikuwa unamfundisha mtu?"

"Mdogo wangu. Yuko Madurai, India. Anajiandaa kwa mtihani wa kazi ya serikali. Kila Jumamosi namuuliza habari za India za wiki nzima. Uchaguzi wa majimbo, bajeti, mikataba na majirani, hata michezo."

Rayhana aliweka kikapu chini. "Na yeye anazikumbuka?"

"Sasa anazikumbuka. Zamani hakuzikumbuka. Mimi pia nilifanya mitihani ile. Nilianguka mara mbili, ya tatu nikafaulu. Kwetu watu laki moja wanaweza kugombea nafasi mia moja. Kwa nini unauliza?"

Rayhana alimweleza yote: komini, watu mia nne, saba juu ya ishirini, wali ulioungua.

Vasanthi hakumpa pole. Alisema, "Nionyeshe unavyosoma."

Rayhana alifungua simu. Kidole chake kilishuka haraka, habari juu ya habari.

"Hapo unasoma, au unapitisha macho?"

Kidole kilisimama.

"Tangazo la mtihani unalo?"

Alikuwa nalo. Siku alipolipokea, alitazama tarehe na mahali tu. Sasa walilisoma pamoja, mstari kwa mstari, mashine zikiunguruma. Tangazo lilisema wazi: matukio ya miezi sita iliyopita, ya Ubelgiji na ya Ulaya, pamoja na kazi za komini.

"Mungu wangu," alisema Rayhana. "Wiki iliyopita nilikuwa nakariri miji mikuu ya Asia."

"Umebakiwa na wiki sita. Zinatosha ukiacha kukimbilia kila kitu. Chagua gazeti moja zuri na taarifa moja ya habari. Nusu saa kwa siku, usizidishe. Kila siku chukua habari tatu tu na uziandike kwa maneno yako. Nini kimetokea? Nani amehusika? Wapi na lini? Na hapa ndipo wengi husahau: kwa nini jambo hili lina maana?"

"Halafu?"

"Halafu funga daftari useme kwa mdomo. Kusoma mara kumi hakukufai kama kujiuliza mara moja. Kesho yake jiulize tena. Baada ya wiki, tena. Usichokikumbuka, weka alama, kisha ukirudie hicho."

"Na yale makundi yangu tisa?"

"Ukiona habari huko, itafute kwenye gazeti lako au kwenye tovuti ya serikali. Usipoikuta, usiiandike."

Rayhana alijitoa kwenye makundi nane siku hiyo hiyo. Alibaki na moja, la ndugu zake.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Aliona kama anasoma kidogo mno, na wenzake mia nne wanampita. Mara mbili alitaka kurudi kwenye yale makundi. Lakini wiki ya pili, Sultani alishika daftari na kumuuliza habari ishirini. Alijibu kumi na nne bila kutazama.

"Mbona unajua kuliko mtangazaji!" alisema Sultani. Usiku huo Rayhana alilala vizuri.

Zilipobaki siku tisa, Mbombo alimvuta kwenye chumba cha mashuka. Mbombo alikuwa Mkongo, mfanyakazi mwenzake, na yeye pia alikuwa ameomba nafasi katika komini ile.

"Dada, funga mulango," alinong'ona. "Minapata maulizo ya mutihani. Biko cinquante, na majibu yabo."

"Maswali hamsini? Umeyatoa wapi?"

"Muntu mumoja alinitumia. Anasema bilitoka ndani kabisa. Donc tunajifunza hii tu, bas! Bon, nimeshakutumia. Usiambie muntu."

Simu ya Rayhana ilitetemeka mfukoni. Mchana kutwa hakuifungua, lakini aliihisi kama kaa la moto. Je, yakiwa kweli? Watu wengine watakuwa wameyapata. Yeye peke yake abaki mjinga? Na kama msimamizi wa mtihani angeona simu yake, angemwamini kuwa hakuyasoma?

Baada ya kazi hakwenda nyumbani. Alipanda moja kwa moja hadi ghorofa ya tatu.

Vasanthi alimkaribisha jikoni. Alipomaliza kusikiliza, uso wake ulibadilika.

"Nikwambie jambo la mdogo wangu. Mwaka juzi alifanya mtihani wake vizuri sana. Alitoka ukumbini anaimba. Siku tano baadaye mtihani ukafutwa. Maswali yalikuwa yamevuja, yalizunguka kwenye simu za watu. Mdogo wangu hakuyaona hata moja. Lakini alipoteza mwaka mzima kama wote. Alijifungia chumbani, mama akimpelekea chakula mlangoni. Walioiba walikuwa wachache, Rayhana. Waliolia walikuwa maelfu."

Rayhana aliiweka simu mezani.

"Maswali hayo yakiwa ya uongo, yatakupoteza," alisema Vasanthi. "Yakiwa ya kweli, ni wizi. Utafutwa kwenye mtihani, na pengine hutaruhusiwa kurudi."

"Nilifungua mara moja tu, sasa hivi kwenye ngazi," alisema Rayhana kwa sauti ndogo. "Swali la kwanza linauliza Mkoa wa Brussels una komini ngapi. Jibu walilotoa ni kumi na sita."

"Na wewe unajua ni ngapi?"

"Ni kumi na tisa. Nimeliandika kutoka tovuti ya serikali."

Vasanthi alitabasamu kidogo. Rayhana alifuta ujumbe ule mbele yake. Kesho yake alimtafuta Mbombo.

"Nimeyafuta, Mbombo. Na wewe yafute, nakuomba. Hata lile swali la kwanza wamekosea. Jioni njoo kwangu tusome pamoja."

Mbombo alikasirika. "Alors, unajifanya malaika? Nilikusaidia, na wewe unanihukumu!"

Alibeba mashuka yake akaondoka. Siku nane walikunja mashuka katika chumba kimoja bila neno. Rayhana aliumia, na hofu ilirudi. Labda Mbombo ndiye mwenye akili. Labda yeye ndiye atakayeanguka tena.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Mbombo alikaa safu ya mbele. Karatasi ziligawanywa. Rayhana alisoma swali la kwanza. Hakulijua. La pili pia hakulijua. Miaka miwili iliyopita, hapo ndipo alipoanza kulia.

Alikumbuka mazoezi ya kujibu kwa muda uliopimwa ambayo Vasanthi alimpa Jumamosi ya mwisho. "Usilolijua, liruke. Usipigane nalo." Akayaruka yote mawili. La tatu alilijua. La nne lilihusu sheria mpya, na alikumbuka hata ukurasa wa daftari alipoiandika. Kalamu ikaanza kwenda. Dakika kumi kabla ya mwisho alirudi kwenye swali la pili, na jibu likamjia.

Nje, Mbombo alikuwa ameketi kwenye ngazi.

"Hata moja," alisema bila kuinua kichwa. "Cinquante yote, na hakuna hata moja lililotoka."

Rayhana alikaa karibu naye. Kisha wakaenda pamoja kupanda treni ya metro.

Wiki tatu zilipita. Barua pepe ya matokeo ilifika saa ya mapumziko. Rayhana aliitazama, hakuifungua. Akampa Mbombo simu.

"Nisomee wewe. Mimi siwezi."

Mbombo alisoma kimya. Midomo yake ilisogea. Rayhana alishika ukingo wa meza.

"Seize," alisema Mbombo hatimaye. "Kumi na sita juu ya ishirini. Wewe ni wa nne, dada. Wa nne kati ya watu wote wale!" Macho yake yalijaa machozi, akamkumbatia kwa nguvu. Kisha akamwachia, akafuta uso kwa kitambaa cha mkono. "Mimi minaanguka. Mutihani mwingine ukikuja, utanionyesha?"

"Tunaanza Jumamosi hii," alisema Rayhana.

Mwezi wa tisa Rayhana alianza kazi kwenye kaunta namba tatu ya komini. Siku ya kwanza alifika mzee mmoja na swali kuhusu karatasi ya makazi. Sheria yake ilikuwa imebadilika mwezi ule. Rayhana alidhani analijua jibu, lakini hakuwa na uhakika.

"Ngoja kidogo, mzee," alisema. "Nihakikishe kwanza."

Alisoma kanuni hadi mwisho. Kisha akamwambia mzee lililo kweli.